Ukuta Una Mwenyewe: Mabango ya Uchaguzi na Sheria Zake

Msimu wa uchaguzi ufikapo katika Kenya, mwenye duka sokoni huweza kufunga mlango wake jioni ukuta ukiwa mweupe, na kufungua asubuhi akakuta nyuso kumi na mbili zikimtazama. Vijana wamepita usiku na ndoo ya gundi ya unga wa ngano, wakabandika karatasi za wagombea tangu dirishani hata mlangoni. Hakuulizwa, wala hakulipwa. Tena kabla ya saa nne, mteja wake wa siku nyingi amekwisha kumwambia kwa uchungu, "Kumbe nawe umehamia upande ule!"

Jambo hili laonekana dogo, lakini laweza kuvunja ujirani wa miaka mingi. Kwa hivyo yafaa kila mtu mwenye ukuta, ua au shamba lililo kando ya barabara afahamu sheria zasema nini juu ya mabango ya siasa, na haki yake ni ipi.

Ishara si jambo baya

Hapana shaka picha na ishara zina faida. Katika uchaguzi wa Mei 1963, hata mtu asiyejua kusoma aliweza kutambua chama cha KANU kwa picha ya jogoo. Katika kura ya maoni juu ya Katiba, tarehe 21 Novemba 2005, ndizi ilikuwa alama ya "Ndiyo" na chungwa alama ya "La". Chungwa likashinda, na baadaye chama cha ODM kikapata jina lake kutokana na tunda hilo. Hata leo mgombea maskini, asiyeweza kununua nafasi katika redio, aweza kujulikana kwa karatasi moja iliyopigwa chapa vizuri.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 38, yampa kila raia haki ya kufanya kampeni kwa ajili ya chama au jambo la siasa. Lakini Katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 40, yalinda mali ya mtu. Basi haki ya mgombea ya kujitangaza haimpi ukuta wa mwenziwe.

Nani atoa ruhusa?

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi serikali za kaunti, ambazo ni 47, kazi ya kusimamia matangazo ya nje. Kila kaunti yaweza kutunga sheria zake juu ya jambo hili, na ada hutajwa katika sheria yake ya fedha. Kwa hivyo mgombea au wakala wake asidhani kwamba yaliyoruhusiwa katika kaunti moja yaruhusiwa katika kaunti ya pili. Yampasa aende kwanza katika ofisi ya kaunti akaulize mambo manne: mabango yaruhusiwa mahali gani, ukubwa wake uwe kiasi gani, ada ni shilingi ngapi, na siku ya kuyaondoa ni ipi. Akilipa, aitunze stakabadhi yake.

Barabara nayo ina mwenyewe. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu za taifa, KURA kwa barabara za miji, na KeRRA kwa barabara za mashambani. Nafasi iliyo kando ya barabara, ingawa yaonekana kama haina mtu, imo chini ya mamlaka hizo, na atakaye kusimamisha bango hapo hana budi kuomba ruhusa yao. Alama za barabara zisiguswe kabisa. Dereva asiyeona alama ya kona kwa sababu imefunikwa na uso wa mgombea aweza kupoteza maisha ya abiria wake, na abiria hao ni wapiga kura wa vyama vyote.

Mti nao usisahauliwe. Msumari hufungua kidonda ambacho kwacho uozo huingia. Tena gome hukua likaufunika, na miaka mingi baadaye mpasuaji mbao huvunja meno ya msumeno wake. Na kijana apandaye nguzo ya umeme kufunga bango hucheza na mauti.

Mwenye ukuta afanye nini?

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mtu akiona picha asiyoitaka, hasira humjia, akairarua mbele ya umati. Kanuni za Maadili ya Uchaguzi, zilizo katika Sheria ya Uchaguzi ya 2011, zavitaka vyama na wagombea wawazuie wafuasi wao wasiondoe wala kuharibu mabango ya wapinzani. Mwenye nyumba akirarua kwa hasira, huenda akaonekana kuwa mfuasi wa upande wa pili, na ugomvi ukaanza pale pale.

Njia ya busara ni kumwita wakala wa mgombea yule, na kumtaka kwa upole aje aondoe karatasi zake na kusafisha ukuta. Akikataa, yafaa jambo hilo lipelekwe kwa mzee wa kijiji au chifu, na kisha kwa ofisi ya kaunti au Tume ya Uchaguzi. Na atakaye kuruhusu bango, aruhusu kwa hiari yake, na kwa maandishi, ili wote wajue ni nani aliyekubali.

Makarani, walimu na watumishi wengine wa umma wana onyo lao. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 yawakataza kuonyesha hadharani kwamba wanaunga mkono au wanapinga chama au mgombea. Picha ya mgombea haina mahali mlangoni pa ofisi, wala gari la serikali si la kuchukua mabango.

Baada ya kura

Kampeni hukoma saa 48 kabla ya siku ya kura. Mwaka 2022 zilianza tarehe 29 Mei zikaisha tarehe 6 Agosti, na kura ikapigwa tarehe 9 Agosti. Lakini mabango hayakomi kwa saa hiyo. Hubaki yakichakaa, na upepo huyapeleka mashambani. Ng'ombe alaye kipande cha plastiki aweza kuzibwa tumbo akafa, na hasara hiyo ni ya mkulima. Bango zima la turubai, ambalo mwenyewe ametoa ruhusa litumiwe, lafaa kufunikia nyasi za mifugo au mahindi yasinyeshewe.

Kura ya Kenya ni ya siri, na siri hiyo yapaswa kulindwa hata nje ya kituo cha kupigia kura. Mtu asilazimishwe na karatasi iliyobandikwa usiku kueleza majirani wake moyo wake uko wapi. Mgombea aanzaye kwa kubisha hodi na kuomba ukuta amekwisha kuonyesha jinsi atakavyotunza mali ya watu akichaguliwa. Na yule asiyebisha hodi naye ameonyesha.