Dereva naye ni msafiri

Ijumaa ya Juni 29, 2012, magari ya Baraza la Wakimbizi la Norway yalikuwa ndani ya kambi ya Ifo 2, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, yakimtembeza katibu mkuu wa shirika hilo aliyekuja kujionea kazi. Watu wenye bunduki wakauvamia msafara. Dereva Mkenya aliuawa, wengine wakajeruhiwa, na wafanyakazi wanne wa kigeni wakatekwa na kuvushwa mpaka hadi Somalia. Waliokolewa Julai 2.

Mmoja wa wanne hao, Steve Dennis kutoka Kanada, alipigwa risasi pajani. Baadaye alimfikisha mwajiri wake mahakamani mjini Oslo. Hukumu ya Novemba 25, 2015 ilisema kwamba hatari ya utekaji ilitabirika, kwamba shirika lilikuwa na njia za kuipunguza, na kwamba kulikuwa na uzembe mkubwa. Msafara ule ulikwenda bila wasindikizaji wenye silaha. Shirika liliamriwa kumlipa Dennis kroner za Norway zipatazo milioni 4.4.

Dalili zilikuwa wazi. Oktoba 2011, wafanyakazi wawili wa Madaktari Wasio na Mipaka, raia wa Hispania, walitekwa Dadaab hiyo hiyo. Msafara wa Juni 2012 ulipovamiwa, wawili hao walikuwa bado mateka; waliachiwa Julai 2013. Majeshi ya Kenya nayo yalikuwa yameshaingia Somalia.

Kila ofisi inayotangaza zabuni ya tathmini ya hatari za safari na ulinzi wa wafanyakazi ianze kwa kuisoma hukumu hiyo. Huduma ya ulinzi hununuliwa, lakini wajibu hauuziki. Mwajiri anayesaini mkataba hupata wataalamu wa kumsaidia. Dhamana ya uhai wa mtu aliyemtuma hubaki kwake yeye.

Nani anasafiri, na kwa njia gani?

Zabuni mbovu huonekana tangu ukurasa wa kwanza. Huomba tathmini ya nchi nzima, nayo kampuni hujibu kwa ramani yenye rangi: hapa kijani, pale njano, kule nyekundu. Lakini Nairobi na Mandera, mpakani na Somalia, zimo katika nchi moja. Mhasibu anayebeba fedha za posho, muuguzi anayesindikiza dawa na mwanamke anayelala peke yake katika nyumba ya wageni asiyoijua hawakabiliwi na hatari ileile, hata wakifika mji mmoja siku moja. Hadidu za rejea zitaje barabara, saa ya kuondoka, hali ya gari, malazi, hospitali iliyo karibu na mahali ambapo simu hukosa mtandao.

Zitaje pia watu wote waliomo ndani ya gari. Duniani kote, zaidi ya tisa kati ya kila wafanyakazi kumi wa misaada wanaoshambuliwa ni wenyeji wa nchi husika. Hata hivyo si ajabu kukuta mkataba unaompa mgeni bima, namba ya dharura na ndege ya kumtoa, huku dereva wa gari la kukodi akiwa hana hata kadi ya hospitali. Yeye ndiye anayekaa mbele, ndiye anayeijua njia, na mara nyingi ndiye hushuka kuzungumza na watu kwenye vizuizi. Mkataba usiomtambua dereva, mkalimani na kibarua wa siku moja umeshindwa kazi kabla haujaanza.

Barabara kabla ya bunduki

Utekaji hutisha, na hofu huuza. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka. Tathmini yenye kurasa nyingi juu ya magaidi na aya moja juu ya mikanda ya usalama, matairi yaliyoisha na safari za usiku imepotoka. Vivyo hivyo isiyotaja malaria, shinikizo la damu au damu salama ya kumwongezea majeruhi.

Usafiri wa anga nao una masharti yake. Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka na kuua watu wote 157. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani pekee lilipoteza wafanyakazi saba. Ndiyo maana ni busara kuweka kikomo cha wafanyakazi wanaoruhusiwa kupanda ndege moja. Sharti hilo halina gharama kubwa, ila lazima liandikwe na lifuatwe.

Mpango wa kuondoka nao usitegemee mlango mmoja. Mapigano yalipolipuka Khartoum Aprili 15, 2023, uwanja wa ndege uligeuka uwanja wa vita, na watu wengi wakalazimika kushika barabara ndefu ya kwenda Port Sudan. Goma, mashariki mwa Kongo, ilipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa, na njia ya kutokea ikawa mpaka wa Rwanda. Mzabuni anayeandika tu kwamba atatuma ndege bado hajajibu swali.

Kumpima mzabuni

Kamati za manunuzi zimezoea kumpa kazi aliyetaja bei ya chini. Katika huduma hii, rahisi inavunja upishi. Ada ndogo ya mwaka yaweza kuficha malipo mazito kwa kila uokoaji, na bima ya bei nafuu yaweza kuwa na kifungu kinachoondoa vita na ghasia, yaani yale hasa unayoyaogopa. Vifungu hivyo visomwe kabla ya kulinganisha bei.

Mpe mzabuni tukio la kulitatua: gari limepinduka saa mbili usiku nje ya mji mdogo, wawili wameumia, simu hazishiki. Aeleze atampigia nani na majeruhi watafika hospitali ipi. Kisha ipigie namba yake ya dharura usiku wa manane, uone nani anapokea na kama anaelewa Kiswahili. Waulize pia wateja wake wa zamani katika eneo lile lile.

Anayepima hatari asiwe ndiye muuzaji wa walinzi. Kampuni inayofaidika kwa kila gari la ulinzi ina sababu ya kukuza hofu, nayo iliyoahidi safari za bei ndogo ina sababu ya kuificha. Mwongozo wa kimataifa wa hatari za safari, ISO 31030, uliotolewa mwaka 2021, unasaidia kupanga maswali ya kuuliza. Majibu ya barabara ya Garissa utayapata kwa madereva na wazee wa pale, na mkataba mzuri humlazimisha mtaalamu kuwasikiliza na kuwalipa kwa muda wao.

Mamlaka ya kusema hapana

Tathmini bora kuliko zote haina faida kama hakuna mwenye mamlaka ya kuisimamisha safari. Ziara za wakubwa ndizo ngumu zaidi: ratiba imeshapangwa, wapiga picha wamefika, na hakuna anayetaka kumrudisha bosi hotelini. Kwa hiyo mwenye mamlaka hayo atajwe kwa cheo chake kwenye mkataba na kwenye kanuni za ofisi, na neno lake lifunge hata kwa mkurugenzi. Naye mfanyakazi anayekataa safari kwa hofu ya kweli asikatwe posho wala kusemwa.

Wafadhili wana sehemu yao. Wanapopunguza bajeti, usalama huonekana kama gharama ya ofisi inayoweza kusubiri. Uwe na fungu lake tangu andiko la mradi, kama mafuta ya gari yalivyo na lake. Fedha zisipotosha, idadi ya safari ndiyo ipunguzwe. Mwenye mradi asikubali kuokoa fedha kwa kumpeleka mtu asiyelindwa.