Kabla hujaongeza sauti, angalia raba ya hedfoni yako

Lami inaishia geti la Lodoare. Ukitoka Karatu na Land Cruiser ya kwenda Endulen, kuanzia pale ni vumbi, mawe na muungurumo wa dizeli unaoingia hadi kifuani. Safari hiyo huwa naitumia kusikiliza mahojiano niliyorekodi, na kwa muda mrefu nilifanya kosa ambalo nadhani wengi tunalifanya: sisikii, naongeza sauti. Mlima ukianza, naongeza tena. Nikishuka, masikio yanalia nziii mpaka usiku.

Huo mlio si wa kuchukulia poa. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1 tu. Seli zenye vinyweleo zilizo ndani ya sikio zikifa, hazioti tena.

Nilikuwa nalaumu hedfoni zangu za elfu tano. Kumbe spika zake hazikuwa na shida kubwa, shida ilikuwa zile raba za mwishoni. Njia ya sikio ina urefu wa kama sentimita 2.5, na si duara kamili. Imebonyea kama yai, na ya kushoto inaweza isifanane na ya kulia. Raba ngumu ya duara inaacha upenyo, na hapo mambo mawili yanatokea kwa pamoja: kelele za injini zinaingia, besi inatoka. Besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya spika na ngoma ya sikio. Pakiwa na upenyo, hewa inachoropoka badala ya kuisukuma ngoma. Sauti nyembamba haziathiriki sana, ndo maana unasikia kama mtu anaongea ndani ya kopo.

Jaribu sasa hivi: weka wimbo wenye besi, kisha sukuma hedfoni taratibu kwa kidole. Besi ikirudi ghafla, una upenyo. Raba ya saizi nyingine ikimaliza tatizo, ishia hapo.

Yangu haikuisha. Nikaanza na sponji ya godoro, ikafeli: matundu makubwa, hewa inapita tu, na ukiiminya inarudi kabla hujaiingiza. Kinachofaa ni vizibo vya sponji vya kuzuia kelele, vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini. Vyenyewe vinapanuka polepole vikifuata umbo la sikio.

Kata kipande cha sentimita 1. Toboa katikati kwa bomba jembamba la chuma lenye makali, ukilizungusha (mimi nilinoa kipande cha antena ya redio mbovu). Usichome kwa moto, moshi wake mbaya. Raba ya zamani usiitupe: kata mwavuli wa nje, bakiza bomba la ndani, uivishe sponji juu yake. Bila bomba hilo sponji inaziba mdomo wa spika. Halafu ivute. Ikichomoka kirahisi isiingie sikioni, itabaki humo.

Kuvaa: vingirisha sponji, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia nusu dakika. Asubuhi ukingoni mwa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, sponji inakakamaa kwa baridi. Ipashe kiganjani kwanza. Na kale katundu kadogo mgongoni mwa hedfoni usikazibe, ni ka kupumulia, sauti itaharibika.

Sasa nasikiliza kwa nusu ya sauti niliyozoea. Kasoro: ukiongea, sauti yako mwenyewe inavuma kama uko ndani ya pipa. Kwenye bodaboda, au ukitembea kwa miguu kule juu kwenye nyati, vua kabisa. Sponji ikishika vumbi na nta ya sikio, badilisha. Yangu haimalizi mwezi.