Kiyoyozi cha Gari la Zamani katika Mwinuko wa Luano

Dhana kwamba kiyoyozi cha gari la zamani hufufuka kwa kujazwa gesi mpya tu ndiyo inayoua kompresa nyingi kabla ya wakati wake, kwa sababu kinachopaswa kubadilika si gesi peke yake, bali pia mafuta yanayosafiri nayo, mipira inayoizuia isivuje na kemikali inayonyonya unyevu ndani ya mfumo. Jambo hili lina uzito wa pekee Lubumbashi, ambako joto la Oktoba hukutana na vumbi jekundu la mwisho wa kiangazi, na dereva anayetoka uwanja wa ndege wa Luano kuelekea mjini huchagua kati ya kufungua vioo ameze vumbi na kuvifunga aokwe na joto, ikiwa klima, kama kiyoyozi kinavyoitwa garajini, imekufa.

Magari yaliyoundwa kabla ya mwanzo wa miaka ya 1990, kama Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 60, yalipowekewa kiyoyozi yalijazwa gesi iitwayo R-12, ambayo ni mchanganyiko wa kikemia wa kaboni, florini na klorini. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba klorini ya gesi za aina hiyo hupanda hadi anga ya juu na kuharibu ozoni, tabaka linalokinga viumbe dhidi ya miale mikali ya jua. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ikaweka utaratibu wa kuziondoa, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi Januari 1, 2010 kuacha kuzitengeneza na kuziagiza. Viwanda vya magari vilihamia gesi ya R-134a, isiyo na klorini, na hiyo ndiyo ambayo gari la zamani hubadilishiwa.

Gesi zote mbili hufanya kazi kwa njia moja: kompresa huibana gesi ikapata moto, kondensa, ile rejeta nyembamba iliyo mbele ya rejeta ya injini, huitoa joto hadi ikawa kimiminika, kisha kimiminika hicho hupenyezwa kwenye tundu jembamba la valvu, shinikizo likashuka ghafla, nacho kikachemka ndani ya evapoleta iliyo nyuma ya dashibodi, kikinyonya joto la hewa ya ndani ya gari. Tofauti iko kwenye mashinikizo. Kwa nyuzi 60 za Selsiasi, joto ambalo kondensa hulifikia kwa urahisi gari likiwa kwenye foleni, R-12 huwa na shinikizo kamili la bari 15.2 na R-134a bari 16.8, ilhali kwa nyuzi 0 R-134a huwa chini kidogo ya mwenzake, bari 2.9 dhidi ya 3.1, kwa hiyo kompresa ileile hulazimika kubana zaidi. Kondensa ya zamani iliyoziba kwa udongo itashindwa mapema zaidi chini ya gesi mpya, na kwa gari lililopita misimu kadhaa ya kiangazi cha Katanga, kuiosha vizuri au kuibadilisha ni sehemu ya kazi yenyewe.

Linalopuuzwa zaidi ni mafuta. Kompresa haina tangi lake la kulainishwa kama injini. Hutegemea mafuta yanayobebwa na gesi kuzunguka mfumo mzima na kuirudia. R-12 ilichanganyika vizuri na mafuta ya madini, yaani yale yatokanayo na petroli ghafi, lakini R-134a haichanganyiki nayo, hivyo mafuta ya zamani hubaki yametuama kwenye evapoleta na mabomba huku kompresa ikisaga chuma kwa chuma. Dalili huchelewa: baridi hutoka vizuri kwa majuma kadhaa, mteja akaondoka ameridhika, kisha kompresa ikakwama na kumwaga chembe za chuma hadi kwenye valvu. Fundi mwangalifu huifungua kompresa kutoka mahali pake, huimimina mafuta ya zamani, husafisha mabomba, kisha hutia mafuta ya esta, ambayo huvumilia mabaki ya mafuta ya madini kuliko yale ya aina ya PAG yanayotumiwa na magari mapya.

Pamoja na hayo hubadilishwa pete za mpira kwenye viungo, kwa kuwa molekuli za R-134a ni ndogo na hupenya mahali ambapo R-12 ilizuilika, na chupa ya kukaushia, ambayo punje zake za zamani huharibiwa na gesi mpya. Chupa hiyo hufungwa mwisho kabisa, maana ikiachwa wazi hewani, hasa mvua zinapoanza Novemba, hushiba unyevu kabla haijaanza kazi.

Kisha hufuata kazi ya kutengeneza ombwe, yaani kufyonza hewa na unyevu wote kwa pampu, na hapa mwinuko wa Luano hudai hesabu yake. Uwanja wa ndege uko takriban mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la pwani. Geji za kawaida huhesabu sifuri kuanzia hewa ya mahali zilipo. Kwa hiyo ombwe ambalo Dar es Salaam lingeonyesha karibu inchi 30 za zebaki, Luano halipiti inchi 25 na nusu hivi. Fundi anayefuata kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani atadhani pampu imechoka au mfumo unavuja, akaanza kufungua viungo vizima. Kipimo cha kuaminika ni kufunga valvu za geji, kuzima pampu na kuutazama mshale kwa nusu saa. Usipopanda, mfumo hauvuji. Baridi ya alfajiri ya Juni na Julai nayo si rafiki wa kazi hii, kwani maji huchemka na kutoka kwa shida zaidi mabomba yakiwa baridi. Inafaa kusubiri jua, na kuiacha pampu ifanye kazi kwa saa nzima.

Gesi hupimwa kwa mizani, si kwa kubahatisha, na kiasi chake huwa kati ya asilimia 80 na 90 ya uzito wa R-12 ulioandikwa kiwandani: mfumo wa gramu 900 huchukua gramu 720 hadi 810. Kuzidisha hakuongezi baridi, huongeza shinikizo tu. Mtungi wenyewe unastahili kutiliwa shaka ukiuzwa kwa bei ya kutupa, kwani mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyojazwa R-134a bandia, yenye kloridi ya methili inayoshambulia alumini, yalilipuka na kuua wafanyakazi.

R-12 iliyobaki haipaswi kuachiliwa hewani. Hufyonzwa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi wake. Hata R-134a haifai kumwagwa, kwani kilo moja yake hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kipindi cha miaka 100, na ndiyo sababu Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016 yameiweka kwenye orodha ya gesi za kupunguzwa hatua kwa hatua. Kazi ikikamilika, viungio vya kujazia hubadilishwa viwe vya R-134a, na kibandiko hubandikwa chini ya boneti kikitaja gesi, uzito wake, aina ya mafuta na tarehe, ili fundi atakayefuata asichanganye gesi mbili katika mfumo mmoja.