Kuflashi simu ya zamani: sifa ni nyingi, na pesa zako je?

Ukikaa barazani Mji wa Kale jioni, kikombe cha kahawa mkononi, hukosi kijana wa kukwambia: "Simu hiyo usiitupe. Itie LineageOS, itakuwa mpya." Je, ni kweli?

Nusu yake ni kweli. LineageOS ni mfumo endeshi wa bure uliojengwa juu ya Android. Ulianza Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, na unaendelezwa na watu wa kujitolea. Usiwadharau: Linux, iliyo kiini cha Android yenyewe, ilianza 1991 kama kitu cha kujifurahisha cha mwanafunzi wa Ufini, Linus Torvalds. Kampuni iliyounda simu yako ikiacha kuiletea maboresho ya usalama, hawa huweza kuendelea. Simu pia huwa nyepesi, maana zile apu za kiwandani zisizofutika hazipo tena.

Yasiyosemwa barazani

Kwanza, si kila simu inakubali. Nyingi za bei nafuu hazimo katika orodha rasmi.

Pili, kabla ya kuweka mfumo mpya lazima ufunguliwe ulinzi wa kiwandani, ule unaokagua mfumo simu inapowaka. Hapo kila kitu hufutika: picha, namba, jumbe. Na kwa kawaida ulinzi huo hubaki wazi, kwa hivyo mwizi akiishika simu ana nafasi zaidi ya kuichezea.

Tatu, apu nyingi za benki na za pesa hukagua ulinzi huo. Zikiukuta wazi, hukataa kufanya kazi. Tuseme unauza leso Barabara ya Biashara, mteja amesimama, na apu haifunguki! Usibabaike. Pesa zako hazikai ndani ya simu; akaunti imefungamana na namba yako. Tia laini kwenye mulika mwizi, tumia menyu ya laini, biashara iendelee.

Kabla ya kumwachia fundi simu

- Toa laini, ukae nayo.
- Usimpe PIN, hata akisema ni ya kujaribu tu.
- Hamisha picha na namba mapema.
- Hakikisha mfumo umetoka tovuti rasmi ya LineageOS. Uliochezewa na mtu mwingine waweza kubeba programu ya kupeleleza.

Basi, inastahili sifa?

Kwa simu ya pili, ya watoto kusomea au ya kusikilizia redio, naam. Kwa simu inayobeba biashara yako, hapana. Lakini usiiamini pia simu ya zamani isiyopata maboresho: afadhali laini ya pesa ikae kwenye mulika mwizi, na ile kubwa ibaki ya picha na mazungumzo.

Mfumo ni wa bure, ni kweli. Ila wahenga walisema, rahisi huwa ghali.