Kuchoka na Chokaa Si Sababu ya Kubomoa Ukuta

Swali ni lile lile, na juma hili limenifikia kwa mara ya tatu, safari hii likiletwa na mwalimu aliyevuka kutoka Amu na kompyuta yake kwapani: amechoshwa na sura ya Ubuntu aliyo nayo, ameipenda ile ya Xfce aliyoiona kwa mwenzake, basi je, anakili faili zake kabla ya kufomati, au fundi atazinusuru mwenyewe? Nimelijibu kwa mdomo hata nimeona sasa ni wajibu kuliandika jawabu, nalo ni kwamba hapana cha kufomati.

Dhana ya kwamba atakaye sura mpya sharti afute diski nzima na kusimika mfumo upya imekita mizizi, na asili yake ni bayana: aghalabu mafundi wetu walijifunza kazi kwenye Windows, ambako sura na mfumo huja vimeshikamana kama mwili na ngozi, wakazoea kutibu kila maradhi kwa dawa moja. Dawa hiyo kwa maradhi haya ni batili, na madhali inapoteza mali za watu, sioni sababu ya kuizungumza kwa upole.

Tazama tarehe. Linus Torvalds alikitoa kiini cha Linux, ndicho kilicho ndani ya Ubuntu, mwaka 1991, ilhali KDE ya Matthias Ettrich na Xfce ya Olivier Fourdan hazikuanza ila mwaka 1996, na GNOME ya Miguel de Icaza na Federico Mena ikafuata mwaka 1997. Kitu kilichoishi miaka mitano kabla ya sura hizo kuzaliwa, na ambacho hata leo kinafanya kazi katika seva zisizo na sura yoyote, kitakufaje kwa kuwa sura imebadilishwa? Mtu wa Amu aliyechoka na chokaa ya chumba chake hatumi jahazi kuja kwetu Manda Maweni kuchongesha mawe mapya. Humwita mwashi, chokaa ikapakwa, na ukuta ukabaki pale pale na zidaka zake.

Mazingira ya eneo-kazi, ndiyo sura tunayoizungumza, si chochote ila mkusanyo wa programu: paneli, menyu, kidhibiti cha madirisha, kidhibiti cha faili. Ukiyasimika, hukaa kando ya yale yaliyotangulia, na faili ndogo ya maandishi huwekwa katika /usr/share/xsessions au /usr/share/wayland-sessions ili kuiarifu skrini ya kuingilia kwamba pana chaguo jingine. Barua, picha na hesabu zako zimo katika /home, na usimikaji huo hauzigusi. Ubuntu yenyewe, ilipoiacha sura ya Unity na kurejea GNOME katika toleo la 17.10 mwaka 2017, haikumtaka mtumiaji wake afute diski.

Fauka ya hayo, faili ya usimikaji ya Ubuntu 22.04 inapita gigabaiti 3, na sisi wa visiwani huipakua kwa bando la kulipia, ilhali Xfce ni sehemu ndogo tu ya uzito huo. Nimemwona mchonga mawe akipoteza hesabu za shehena za miezi minane mikononi mwa fundi, na alichokitaka ni menyu ikae chini badala ya pembeni. Hasara ile haikuwa na haja hata kidogo, na bado inaniuma.

Yafanywayo ni haya. Kwenye Ubuntu au Debian andika sudo apt install xfce4. Atakaye Plasma ya KDE aweke kde-plasma-desktop, atakaye Cinnamon aweke cinnamon-desktop-environment. Ukiulizwa uchague programu ya skrini ya kuingilia, gdm3 au lightdm, chagua yoyote. Toka kwenye akaunti yako, usifunge skrini tu. Bofya jina lako, kisha alama ya kuchagulia (kwenye gdm3 ni gurudumu la meno), chagua sura, andika nywila. Kurudi ni kwa njia hiyo hiyo. Kwa kuwa mipangilio ya sura mbili huweza kuchanganyika, jaribu kwanza kwa akaunti mpya. Ukitaka kuondoa moja, soma orodha yote ambayo apt inakuonyesha kabla ya kukubali. Kwa toleo la 22.04 waundaji wa Ubuntu walipendekeza gigabaiti 4 za kumbukumbu. Mwenye gigabaiti 2 achukue Xfce au LXQt.

Na fundi akishikilia kwamba sharti afute, mwambie akutajie faili moja tu ya kiini ambayo Xfce huibadilisha. Hataitaja, kwa kuwa haipo. Basi chukua kompyuta yako, urudi nayo nyumbani.