Je, Wajua? Baharia Aliyekanyaga Vumbi la Ugogo

Sogea hapa kwenye benchi, msomaji, leo tuna kisa cha ajabu! Dodoma haina ufukwe wala mawimbi, lakini mmoja wa wanamaji mashuhuri wa karne ya 19 aliipita nchi hii ya Ugogo kwa miguu. Jina lake ni Verney Lovett Cameron, ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Uingereza, aliyefariki mwaka 1894. Haya, tuanze!

JE, WAJUA kuwa Cameron aliingia jeshini akiwa na miaka 13 tu? Alizaliwa tarehe 1 Julai 1844 huko Radipole, karibu na Weymouth, kusini mwa Uingereza. Ilipofika 1857 mtoto huyo wa kasisi alikuwa tayari melini. Miaka 13, ndugu yangu! Ndio umri wa mwanafunzi wa darasa la saba.

MWAKA HUOHUO wa 1857, mtu ambaye baadaye angemwongozea msafara alikuwa tayari safarini kuelekea Ugogo! Huyo ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akapelekwa India, kisha akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke ndio waliomwajiri. Yeye na Cameron walianza safari yao pamoja mwaka 1873, miaka 16 baadaye.

WAJUA kwamba Cameron aliijua pwani yetu kabla hajaijua bara? Mwaka 1868 alitumikia katika vita vya Waingereza huko Uhabeshi. Kisha akiwa na meli iitwayo Star akafanya doria katika pwani ya Afrika Mashariki, kuyasaka majahazi yaliyobeba watumwa. Aliyoyaona huko yalimfanya aichukie biashara hiyo maisha yake yote.

SHIKA HII: alitumwa kumsaidia mtu aliyekuwa anakaribia kufa! Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilimpa kazi ya kumpelekea msaada Dakta David Livingstone. Cameron aliondoka Bagamoyo mwishoni mwa Machi 1873. Livingstone akafariki mwanzoni mwa Mei, kabla msafara haujatimiza wiki sita njiani, na Cameron hakujua lolote hadi Oktoba.

NA HII JE? Tarehe 5 Juni 1873, Cameron akiwa njiani kuelekea bara, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Pale palipokuwa na soko la Zanzibar leo pana kanisa kuu la Kianglikana. Baharia aliyeyasaka majahazi ya watumwa alikuwa porini siku soko lao lilipofungwa!

WALIONDOKA Wazungu 4, aliyevuka bara ni 1! Robert Moffat, mpwa wa Livingstone, alikufa kwa homa kabla hajaiona Ugogo. Dakta Dillon, tabibu wa jeshi la wanamaji na rafiki wa Cameron tangu melini, alifariki Novemba 1873 baada ya homa kumvuruga akili. Luteni Murphy akarudi pwani. Akabaki Cameron, pamoja na Bombay na watu wake.

HEBU JARIBU kuubeba mzigo huu kichwani! Mpagazi mmoja wa misafara hiyo alichukua kama frasila mbili, yaani takriban kilo 32. Ndani mlikuwa na nguo za merikani na kaniki, shanga na nyaya za shaba, kwa sababu huko bara nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Mbele alikwenda kirangozi, kiongozi wa msafara, na bendera yake, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita.

UNAIJUA MARENGA MKALI? Ni ile nyika kavu ukishatoka Mpwapwa na Chunyo kuingia Ugogo. Takriban kilomita 50 bila maji ya uhakika! Misafara ilijaza vibuyu, ikatembea kwenye jua kali na usiku, na Cameron aliikatiza katikati ya kiangazi. Mtu aliyezoea maji pande zote nne alijifunza hapo thamani ya kibuyu kimoja.

NA UGOGO HAPAKUPITIKA BURE! Kila mtemi alidai hongo yake, yaani ushuru wa kupita, na hongo ililipwa kwa nguo. Wagogo walikuwa na silaha, ng'ombe, nafaka na, kubwa kuliko yote, visima. Dodoma hupata kama milimita 570 tu za mvua kwa mwaka, nyingi zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Mwenye kisima ndiye aliyetoa amri, na wageni wakubwa kwa wadogo walitii.

TEMBE! Cameron aliandika habari za nyumba hizi za Wagogo, na ukipita vijijini leo bado utaziona baadhi. Paa ni bapa, limesilibwa udongo, na vyumba vinazunguka ua. Usiku ng'ombe hulala humo ndani ya ua, salama dhidi ya fisi.

SHIKA BENCHI VIZURI, usianguke! Huko Kanyenye, Cameron aliikuta nchi ya mtemi Magomba, ambaye Burton naye alimtaja miaka 15 hivi kabla yake. Watu wake walimweleza Cameron kwamba mtemi ana zaidi ya miaka 300, tena anaota meno kwa mara ya 4! Cameron mwenyewe alikadiria kuwa mzee huyo huenda amepita miaka 100, maana hata wajukuu wake walikuwa na mvi.

BAHARIA ALIPIMAJE NJIA PASIPO BAHARI? Kwa sekstanti, chombo kilekile cha melini cha kupimia kimo cha jua na nyota. Melini unapima kutoka mstari ambapo bahari inakutana na mbingu. Bara hakuna mstari huo, kwa hiyo wasafiri waliweka zebaki kwenye kisahani na kuitazama nyota ikiwa ndani yake. Hebu fikiria: nyota za Ugogo, ndani ya kisahani!

BAADA YA UGOGO likaja pori la Mgunda Mkali, miiba na vichaka kwa siku nyingi hadi Unyanyembe, Tabora ya leo. Msafara ulifika huko Agosti 1873. Cameron alikaa Kwihara, katika tembe lilelile walimokaa mpelelezi Stanley na Livingstone. Kwihara ipo mpaka leo, na nyumba ya makumbusho ya Livingstone ipo.

ALIKUWA KARIBU KIPOFU! Huko Unyanyembe homa ilimwangusha mara kwa mara, na maradhi ya macho yakamzuia kusoma. Akiwa katika hali hiyo, Oktoba 1873, akaingia Chuma, mtumishi wa Livingstone, na barua mkononi. Barua ilisema "baba yako" amefariki, kwa sababu aliyeiandika, Jacob Wainwright, alikusudia imfikie mtoto wa Livingstone. Wazungu wakabaki wakiulizana: ni nani aliyekufa?

WAJUA kuwa Chuma na mwenzake Susi walimkatalia ofisa? Cameron alishauri mwili wa Livingstone uzikwe palepale Unyanyembe. Wao wakasema hapana, utafika kwao. Moyo walikuwa wamekwisha kuuzika chini ya mti huko Chitambo, Zambia ya leo, na mwili ukabebwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey, London. Neno lao lilisimama!

NA WALIUPITISHAJE? Wenyeji wa njiani wengi hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Basi huko Kasekera wakaufunga mwili kama robota la nguo, wakatuma mzigo wa uongo urudi Unyanyembe mbele ya macho ya watu. Robota likaendelea na safari ya pwani miongoni mwa marobota mengine!

HESABU NA MIMI: Cameron alipita Ugogo mwaka 1873. Oktoba 1973, chama cha TANU kikaamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Miaka 100 kamili!

KAZI YA KUMSAIDIA Livingstone ikawa imekwisha, lakini Cameron hakurudi. Februari 1874 akafika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akakuta karatasi za marehemu, akazituma pwani. Hapo ndipo baharia akaonana tena na maji, karibu mwaka mzima tangu Bagamoyo! Akapata mashua mbili, akaziita Betsy na Pickle, akatweka tanga.

MITO 96! Ndiyo aliyoihesabu ikiingia katika sehemu ya Ziwa Tanganyika aliyoizunguka, ile ya kusini. Unaotoka? 1 tu: Lukuga, alioukuta Mei 1874 upande wa magharibi, umezibwa na majani. Wengine walimtilia shaka, lakini miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi, na mto ukaonekana ukienda kwa nguvu.

MAJI HAYAPANDI MLIMA, na kwa ukweli huo mmoja Cameron alitatua fumbo kubwa. Livingstone aliamini kwamba mto Lualaba ndio mwanzo wa Naili. Cameron akapima kimo cha Nyangwe, kando ya Lualaba, akaona Lualaba uko chini kuliko Naili ulivyo kule Gondokoro. Basi huu si Naili, akasema, huu ni Kongo. Mwaka 1877 safari ya Stanley ilithibitisha.

KISWAHILI NACHO kilikuwa njiani! Katikati ya Kongo ya leo alikutana na mfanyabiashara Tippu Tip, akapokewa pia na Juma Merikani, mfanyabiashara aliyemkaribisha kwa miezi kadhaa. Kutoka Bagamoyo, kupitia Ugogo, hadi huko ndani, lugha ya misafara ilikuwa hii unayoisoma sasa.

BAHARIA AKAPATWA NA UGONJWA WA MABAHARIA, NCHI KAVU! Ni kiseyeye, kinachomshika mtu aliyekosa matunda na mboga, ufizi ukavimba na kutoka damu. Cameron alikaribia kufa nacho katika siku za mwisho za safari. Novemba 1875 akafika pwani ya Angola, karibu na Benguela. Miaka 2 na miezi 8 tangu Bagamoyo!

NDIYO, alikuwa Mzungu wa kwanza kuikatiza Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi, bahari hadi bahari. Mwaka 1876 akapewa nishani ya dhahabu ya Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia na kupandishwa cheo kuwa kamanda. Mwaka 1877 kitabu chake, Across Africa, kikatoka.

NA WATU WAKE WALIRUDIJE? Kwa bahari! Huko Luanda ilinunuliwa merikebu ya matanga, ikapewa jina la Frances Cameron, jina la mama yake. Ikawazungusha kusini mwa Afrika hadi Zanzibar. Watu walioondoka kwa miguu upande mmoja wa bara walirudi kwa tanga kutoka upande wa pili!

SASA SIKIA HABARI ZA BOMBAY, utashangaa zaidi! Akiwa na Speke alitoka Zanzibar hadi Misri kwa kuufuata Naili. Akiwa na Cameron alitoka Bagamoyo hadi Atlantiki. Ukijumlisha safari zake na Burton, Speke, Stanley na Cameron, aliikatiza Ugogo mara zisizopungua 6! Alipewa nishani ya fedha na pensheni, akafariki mwaka 1885.

CAMERON HAKUTULIA hata baada ya hapo. Mwaka 1878 alizunguka nchi za Waturuki kutafuta njia ya reli kwenda India. Mwaka 1882 alikwenda na Burton Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo. Pia aliandika vitabu vya visa kwa ajili ya vijana.

NA MWISHO WAKE? Si homa, si dhoruba, si Marenga Mkali. Machi 1894, akitoka kuwinda nchini kwao, alianguka kutoka juu ya farasi akafa. Alikuwa na miaka 49. Amezikwa Shoreham, Kent, mahali alipohudumu baba yake.

UNADHANI BAHARI ILIISHIA HAPO? Miaka ya 1880 nahodha Edward Hore, mmisionari, alipitisha mashua ya chuma vipandevipande hadi Ziwa Tanganyika. Kisha meli nzima, Graf von Götzen, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikapita Dodoma kwa treni ndani ya makreti kama 5,000! Meli hiyo ndiyo Liemba yetu ya Kigoma.

NA KONDOA! Manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, lakini mizinga yake 10 ikaokolewa. Mei 1916 mzinga mmojawapo ukanguruma kwenye vilima vya Kondoa Irangi. Mzinga wa manowari, mamia ya kilomita kutoka baharini!

Basi, msomaji, ukipita Mpwapwa, Mvumi au Kwihara, waonyeshe watoto njia hii. Waambie kwamba Luteni Cameron alikuwa shujaa, na kwamba bila Bombay, bila wapagazi, na bila visima vya Wagogo, asingefika popote. Nishani ya dhahabu ilikuwa moja, wenye haki nayo walikuwa wengi. Wataje wote.