Kambi za msituni na macho ya watoto wetu

Kila likizo inapokaribia, maswali ya wazazi kuhusu kambi za mazingira huwa yale yale: nyoka, mbu, mafua, nguo kuchafuka. Mtoto akishinda msituni Karura au Pugu, akichimba udongo na kumshika jongoo, itakuwaje? Kuhusu macho hakuna anayeuliza, ilhali faida ya kukaa nje kwa macho ndiyo yenye ushahidi mzito.

Huko Guangzhou, China, watafiti walizigawa shule 12 kwa bahati nasibu, na nusu yake zikaongezewa kipindi cha nje cha dakika 40 kila siku ya shule. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka mitatu, asilimia 39.5 ya watoto wa shule ambazo hazikuongezewa kipindi walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali. Waliotolewa nje, asilimia 30.4.

Wengi husema ni rangi ya majani inayopumzisha macho, lakini kinachofanya kazi hasa ni mwanga. Darasani mwanga ni kama lux 300 au 500. Nje, jua la mchana huvuka 10,000 kwa urahisi, na hata chini ya mti bado ni maelfu. Jicho la mtoto lingali linakua. Likirefuka kupita kiasi, taswira hutua kabla ya kufika kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, na maandishi ya ubaoni hufifia. Mwanga mkali huichochea retina kutoa kemikali ya dopamini, nayo huanzisha ujumbe unaopita tabaka kwa tabaka hadi ukuta mweupe wa jicho, ukiuambia upunguze kurefuka. Katika majaribio, vifaranga waliofunikwa macho kwa vioo vya ukungu ili macho yarefuke waliharibika macho kwa kiasi kidogo zaidi walipowekwa kwenye mwanga wa lux 15,000. Walipopewa dawa inayozuia dopamini, kinga hiyo ikatoweka! Kemikali moja, na urefu wa jicho zima hubadilika.

Kisha naambiwa karoti zinatosha. Vitamini A huzuia upofu wa usiku; haifupishi jicho. Naambiwa pia miwani huyazoesha macho uvivu, na kwa uongo huo watoto wanafeli wakiwa wamekaa dawati la nyuma. Wabaya zaidi ni wanaopanda daladala na matatu wakinadi matone ya "kusafisha macho", na wanaoshauri asali au maziwa ya mama. Hizo ni njia za kupeleka vijidudu kwenye jicho la mtoto, na anayeziuza anastahili kushtakiwa.

Ushauri ni mfupi: saa mbili nje kila siku, kofia na kivuli ruksa, asilikodolee jua macho. Siku moja ya kambi haitoshi. Iwe mwanzo wa mazoea.

Na kama mwanao tayari anakunja macho kusoma ubao, mpeleke akapimwe wiki hii. Jicho lililokwisha kurefuka halirudi, na huyo anahitaji miwani.